Heshima Iliyonivunja Mguu

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nyinyi vijana mnaopanda magari ya kikapu siku hizi mlifundishwa methali hiyo shuleni, na mkiniona navuta kidogo mguu wa kushoto asubuhi za baridi mnadhani ndiyo maana yake. Hapana. Mimi nilisikia la mkuu. Nilisikia kupita kiasi. Nilivunjika guu kwa sababu ya adabu, na nadhani tangu mashine ya kwanza ya kunyanyua watu ifike Arua hakuna mwingine aliyeumia kwa ujinga wa namna ile.

Nimeamua kuwaandikia kwa sababu juzi nilipita mjini nikamwona mmoja wenu juu kabisa ya nguzo ya umeme. Kofia ngumu anayo, glavu anazo, lakini mkanda wa usalama unaning'inia nyuma yake kama mkia wa ng'ombe. Nikampigia kelele aufunge. Akanijibu kutoka huko juu, "Mzee, nashuka sasa hivi!" Na mimi siku ile nilikuwa nashuka sasa hivi. Nilishuka kweli, tena mapema kuliko nilivyopanga.

Kwanza mjue mimi ni nani. Jina langu Khamisi, mtoto wa Kinubi wa Arua, babu yangu alikuja na jeshi kutoka Sudani akaacha mifupa yake hapa. Miaka ya sabini nilifanya kazi katika yadi ya mashine chini ya Arua Hill. Tulikuwa na greda la kuchonga barabara, tingatinga moja bovu, na gari la kikapu, yaani lori lenye mkono mrefu wa chuma mgongoni na kikapu mwishoni mwa huo mkono. Mtu anasimama ndani ya kikapu, mwenzake aliye chini anavuta vyuma, mkono unainuka. Leo mnaliona jambo dogo. Wakati ule watoto walitufuata mtaa mzima, na mimi nilijiona nimeumbwa siku tofauti na watu wengine.

Aliyenifundisha alikuwa Mhindi mmoja mfupi tuliyemwita Fundi Bhai. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji, lakini hakuna aliyewahi kusema hakumwelewa. Siku moja tulikuwa barabara ya Koboko, jua la saa sita linachoma, mimi nikaona kivuli kizuri chini ya jembe la greda lililokuwa limeachwa juu. Nikajilaza, nikasinzia. Nikaamshwa kwa teke la mbavuni. Alikuwa Fundi Bhai. Alinivuta mguu mpaka nikatoka, akapanda kwenye greda, akavuta chuma kimoja. Jembe likashuka kwa kishindo, likauma changarawe palepale kifua changu kilipokuwa. Kisha akakaa akala chapati yake. Alipomaliza ndipo aliponiambia, "Mashini hapana jua baba yako nani. Hapana jua wewe iko nasali. Wewe nalala chini yake, yeye nashuka tu."

Tangu siku ile sijalala chini ya kitu cha chuma, hata kitanda. Nanyi mkizima mashine, teremsheni jembe, teremsheni kijiko, teremsheni kila kinachoweza kuteremka. Kilicho chini tayari hakiwezi kumwangukia mtu.

Wahindi walipoambiwa waondoke, Fundi Bhai naye akaondoka. Siku zake za mwisho alizitumia kutugombeza kuhusu mbao. Gari la kikapu lina miguu minne ya chuma inayoshushwa pembeni ili lisipinduke, na udongo wa kwetu mvua ikinyesha huwa kama uji, unameza miguu hiyo. Basi lazima uweke mbao nene chini yake. Tukasema tumesikia. Haukupita muda mrefu baada ya yeye kuondoka, mimi nikashusha mguu mmoja huku mwenzangu Candia akiwa bado anaisawazisha mbao kwa mkono. Ncha ya kidole chake cha shahada ilibaki pale. Candia, Mlugbara wa Onduparaka na mwendawazimu wa mpira, hakunisema hata neno. Alikuja kukitumia kile kidole kunionyesha magoli yaliyokataliwa: "Hii ndiyo goli nusu." Lakini kila alipokiinua mimi niliangalia pembeni.

Kwa hiyo mnaona aliyeachiwa mashine. Katika msafara wa mamba na kenge wamo, na mimi ndiye kenge aliyepewa uongozi wa msafara. Komeo la mlango wa kikapu lilipovunjika, nilisema nitalitengeneza Jumatatu, nikaufunga mlango kwa waya. Jumatatu nyingi zilipita.

Sasa njooni Koboko. Mkubwa wa nchi wa siku zile alikuwa mtu wa upande wetu, na habari zikija kwamba anakuja kutembea, kila mtu alishikwa na homa ya kazi. Tuliambiwa taa za barabarani ziwake Koboko kabla hajafika. Tukahamia huko na gari la kikapu, mimi juu, Candia chini kwenye vyuma. Na mimi nilifurahi kuliko wote, kwa sababu karibu na Koboko, upande wa Abuku, kulikuwa na msichana wa Kikakwa aliyeitwa Kiden.

Kiden alikuwa akiuza simsim, yaani ufuta, sokoni. Nilinunua simsim mpaka mama yangu akaniuliza kama nafungua kiwanda. Wazee wetu walikwenda kwao, wakapokelewa, mbuzi wa kwanza wakapelekwa. Nikawa mkwe. Na hapo ndipo lilipo shina la maneno, maana nyinyi wa leo mnawashika wakwe zenu mkono na kuwapiga picha. Kwetu mwanamume alikuwa hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona njiani, yeye anaingia majanini na mama anageuza uso. Hawali pamoja, hawagusani, na mmoja akiwa na neno hulipitisha kwa mdomo wa mtu mwingine. Haikuwa chuki. Kadiri mlivyojificha ndivyo mlivyopendana.

Siku hiyo ilikuwa ya soko. Mimi niko juu ya nguzo, nafunga taa, nimevaa kaptura ya kaki iliyochanika mahali pabaya. Kikapu chenyewe kilikuwa cha nondo, sakafu yake wavu wa chuma, aliye chini anaona kila kitu. Nikatupa macho barabarani. Kwenye msururu wa akina mama waliotoka Abuku na mizigo kichwani, nikamwona Mama Kiden.

Kusimama njia moja na mama mkwe ni kosa. Sasa mimi nimesimama juu ya kichwa chake, na kaptura ile! Porini sina pa kuingilia, niko hewani. Nikafikiri kuchuchumaa, nijikunje kwenye kona ya kikapu nyuma ya kisanduku cha vifaa. Lakini mkanda wangu ulikuwa mfupi, umefungwa juu kwenye mkono wa chuma, hauniruhusu kuchuchumaa. Nikaufungua.

Someni sentensi hiyo tena. Sikuufungua kwa sababu ya joto wala haraka. Niliufungua kwa sababu ya adabu.

Candia huko chini alikuwa anabishana na muuza sigara habari za mpira. Akainua macho, na kwa kuwa kisanduku kilinikinga upande wake, akaona kikapu kitupu.

"Khamisi!" akapiga kelele. "Wewe iko wapi?"

Nikanyamaza. Nikijibu, mama atainua uso.

"Khamisi! Mutu amepotea huko juu!"

Nikatoa mkono mmoja ukingoni, nikamwashiria anipeleke ng'ambo ya barabara, nyuma ya nyumba, haraka. Jiwekeni mahali pa Candia. Anaona mkono usio na mtu unapunga kwenye kikapu. Akashtuka, akakivuta chuma kwa nguvu zake zote. Mkono wa gari ukaruka pembeni kama ng'ombe aliyeumwa na nyigu. Mimi nikaviringika mpaka mlangoni, na ule waya wa Jumatatu ukakatika.

Nilianguka kutoka kimo cha paa la nyumba. Kifusi cha changarawe kiliuokoa mwili, lakini mguu wa kushoto ulipiga mbao ya Fundi Bhai, na nikausikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu. Nilipofumbua macho niliona miguu miwili yenye vumbi na pindo la kitenge. Kati ya watu wote wa Koboko waliokuwa sokoni, nilikuwa nimeangukia mbele ya Mama Kiden.

Yeye alifanya kama alivyolelewa. Alitua mzigo wake, akageuka, akanipa mgongo. Kisha, akiwa ameangalia upande wa maduka, akaanza kutoa amri.

"Wewe kijana ya mashine," akamwambia Candia aliyekuja mbio. "Ambia huyo mutu asisimame."

"Khamisi, mama anasema usisimame."

"Mwambie mama nimesikia," nikasema, meno yakigongana. "Mwambie namsalimia. Nyumbani hawajambo?"

"Wewe iko nakufa na unauliza habari ya nyumba?"

"Mwambie!"

"Mama, anasalimia. Anauliza watu ya nyumba."

"Ambia yeye nyumba iko salama," mama akasema kule kwenye maduka. "Sasa ambia yeye asiguse hiyo mguu. Wewe tafuta miti mbili, nyoosha. Funga na hii." Akafungua kitambaa cha kiunoni akakirusha nyuma bila kugeuka. Kilinifunika uso.

Sokoni walicheka, wanangu. Mtu amevunjika, na watu wameshika mbavu. Mimi mwenyewe ningecheka kama ningeweza kupumua.

Msimamizi wetu akanipakia kwenye lori mpaka hospitali ya Arua. Daktari aliyenipokea alikuwa mtu mwema. Aliunyoosha mguu vizuri, akaufunga plasta, akaniambia nilale, nisiukanyage mpaka aseme yeye. Nilikubali. Kisha Candia akaja na habari kwamba kuna mechi Onduparaka, mechi ambayo mtu akiikosa atajuta maisha yake yote. Nikaenda nikirukaruka. Tulipofunga goli nikasahau, nikaruka kwa miguu yote miwili. Siwezi kuwaambia nani alishinda, maana sikuona mwisho wake.

Plasta ilipofunguliwa, mguu ulikuwa umeunga upande. Nikisimama kuelekea Koboko, vidole vyangu vya kushoto vilikuwa vinaelekea Kongo. Daktari akaupapasa. Akasema mfupa huu inabidi uvunjwe upya, lakini mtu wa kuuvunja alikuwa Kampala, naye ameshaondoka nchini. Msimamizi akanipa fagio. "Mtu wa fimbo hapandi kikapu," akasema, na hakusema kwa ubaya. Nikawa nafagia yadi niliyokuwa natamba ndani yake. Habari zikafika kwamba huko Abuku sajini mmoja mwenye pikipiki ameanza kupita kwa wajomba wa Kiden, na wajomba wanauliza kama yule mtu wa Arua ataweza kulima.

Candia ndiye aliyeleta njia. "Wachezaji ya Onduparaka wakivunjika wanaenda kwa mama moja huko Abuku," akasema. "Anajua mifupa kushinda mimi najua mpira. Twende."

"Mama gani?"

Akataja ukoo, akataja nyumba. Alikuwa Mama Kiden.

Sijui kama mnaelewa nilivyokaa pale kwenye ndoo iliyogeuzwa, fagio mkononi. Mtu pekee aliyeweza kuninyooshea mguu ndiye mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kunigusa. Nikatuma salamu, nikauliza kama kuna njia. Jibu lilikuja na mjomba wake Kiden, mzee mkavu aliyekaa kwetu akanywa chai yote kabla ya kuzungumza.

"Dada yangu anasema, mukwe yeye hashiki. Hata akikufa," akasema. "Lakini mutoto ya watu, anashika. Kama wewe si mukwe, njoo."

Maana yake mbuzi wetu warudi, posa ivunjike, Kiden awe msichana asiye na mtu. Na sajini alikuwa amekwisha kuegesha pikipiki. Baba yangu aliniangalia. Nikamwambia mjomba kwa sauti ya shujaa kwamba afadhali nifagie maisha yangu yote kuliko kumwacha Kiden. Nikajisikia mtu mkubwa sana. Mjomba akajibu kwamba atafikisha, akaaga.

Baada ya siku chache Kiden akaja mwenyewe, na shangazi yake nyuma. Nilitegemea machozi.

"Mimi nasikia wewe unakataa dawa kwa sababu yangu," akasema. "Nani alikutuma?"

"Ukiachiliwa, sajini..."

"Sajini iko na pikipiki, kweli. Anapita kila siku ya soko. Wajomba wanampenda."

"Na wewe?"

"Mimi? Watu wote wanasema Kiden ataolewa na fagio."

"Nikienda kwa mama yako, utaningoja?"

Akauangalia mguu wangu uliokuwa unaelekea Kongo. Sura yake ilikuwa ngumu. "Siwezi kuahidi mutu anayelala," akasema. "Simama kwanza."

Mbuzi wakarudi. Wote, isipokuwa mmoja aliyekuwa ameliwa.

Nikaenda Abuku nikiwa mtoto wa watu tu. Kiden alipelekwa kwa shangazi, kwa sababu sasa mimi nilikuwa mwanamume wa nje ndani ya boma lao, haikufaa tuonane. Nikalazwa katika kibanda kando ya nyumba, na Mama Kiden akaingia, akakaa mbele yangu, akanitazama usoni. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona uso kwa uso. Alikuwa na macho ya Kiden, yenye ubishi uleule.

"Kumbe wewe ni kijana mudogo," akasema. "Mimi nilizoea kuona mgongo yako inakimbia."

Akamshika jogoo, akamvunja mguu, akamfunga kwa vijiti na majani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kawaida yake: jogoo akitembea, mgonjwa naye wakati wake umefika. Kisha akaupaka mguu wangu mafuta ya simsim, akausugua polepole. Candia alinishika mabega.

"Hiyo mashine yako," mama akauliza, "mukono yake inakunja wapi?"

Nikafurahi kuulizwa. Nikaanza kumweleza kwamba iko sehemu mbili, ya chini inainuka hivi, ya juu inakunjika kwenye kiwiko, na ndani ya hicho kiwiko...

Hapo akauvunja.

Nilipiga kelele iliyosikika, nadhani, mpaka Sudani. Nililia "Mama!" Sikumaanisha wangu wala wake, ni neno tu linalotoka. Naye, mikono yake ikiwa bado imeushikilia ule mguu usiende popote, akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo. Mama iko hapa."

Nilikaa kwake majira mazima ya mvua. Aliponiuliza kuhusu plasta ya daktari nikamweleza ukweli wa Onduparaka, akanigonga kichwani kwa mwiko. "Daktari alifanya kazi yake vizuri," akasema. "Nani alikuambia uruke?" Asubuhi aliniletea uji, mchana alikuja kusugua, na tulizungumza. Alipenda habari za mashine. Nilimchorea kwenye vumbi jinsi greda linavyoinamisha jembe. Yeye alinifundisha kupapasa mfupa kupitia nyama, kujua palipoungana na pasipoungana. Yule jogoo akampa jina langu. Siku moja nikasikia makelele ya kuku nje, naye akachungulia mlangoni akicheka: "Khamisi amepanda kuku jike. Wewe umechelewa."

Nilikuwa nimekaa na aibu yangu muda mrefu, hivyo siku moja nikamwomba radhi kwa yale ya kikapuni, kusimama juu yake, na kaptura. Akaacha kusugua.

"Lakini mimi nilikuona kutoka kona," akasema. "Kikapu iko juu ya nyumba zote, nani hataona? Mimi nilikuwa naangalia chini tangu zamani. Wewe ulijificha ya nini?"

Akarudi kusugua.

Siku za soko nilisikia pikipiki. Ilikuja, ikazimwa kwa mjomba, ikakaa, ikawashwa tena. Ile sauti iliniuma kuliko mfupa. Nilimuuliza mama mara moja tu. "Mama, sajini amekubaliwa?"

"Wewe ni mugonjwa," akasema. "Mugonjwa anauliza habari ya uji."

Siku aliyonisimamisha, alinishika mkono mpaka katikati ya uwanja, akaniachia. Nikatembea. Vidole vyote kumi vilielekea mbele. Alipiga vigelegele, akakaa chini akajifuta macho kwa kitenge, na mimi nilitaka kukimbia nimwonyeshe. "Kimbia na mimi nitavunja ya kulia," akasema.

Nilipokuwa naaga, moyo wangu haukuwa mahali pamoja. Ndani ya kile kibanda nilikuwa nimepata mtu ambaye sikuwahi kuwa naye. Mama yangu mzazi nampenda, lakini huyu tulicheka pamoja. Nikamwambia nitarudi na wazee na mbuzi, kama mlango bado uko wazi. Nilitaka aseme ndiyo. Akanifungia chupa ya mafuta ya simsim kwenye kitambaa.

"Hayo ni maneno ya wanaume na mukeka yao, na Kiden," akasema. "Mimi ni ya mifupa tu. Ukipanda huko juu, funga mukanda. Hata mimi nikipita. Hata nikipita uchi."

Nikarudi kazini. Kitu cha kwanza nilichofanya ni komeo. Mkijua kitu kimefungwa kwa waya, wanangu, hakijafungwa.

Mavuno yalipokwisha, baba yangu na wazee watatu wa Kinubi, na mimi na mbuzi, tukaenda Abuku. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu. Tulipofika kwenye boma, pikipiki ya sajini ilikuwa imeegemea ukuta wa mjomba. Sajini mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti, mjomba pembeni, na hakuna aliyetabasamu. Baba akatoa salamu. Mjomba akaitikia taratibu mno, kama mtu anayetafuta namna ya kuwaambia wageni kwamba wamechelewa. Mkeka ukatandikwa. Sikukaa. Nilisimama katikati ya uwanja uleule, sijui niangalie wapi.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, akatoka Mama Kiden na beseni la maji. Akaniona. Nikamwona akiutazama mguu wangu, mara moja tu, kuanzia goti mpaka vidole. Midomo yangu ilikuwa tayari imefunguka kumwita mama.

Akaliweka beseni chini. Akavuta kitenge akajifunika uso, akageuka, akaenda zake nyuma ya nyumba.

Mtu hamfichi uso mgeni. Mtu hamfichi uso mgonjwa wake. Nilijua palepale, kabla mjomba hajafungua mdomo na kabla sajini hajainuka kuichukua pikipiki yake, kwamba Kiden ni wangu, na kwamba sitaiona tena kwa karibu mikono wala macho ya mama yule, mpaka mmoja wetu azikwe. Nikakaa kwenye mkeka, nikalia mbele ya wazee wote. Wakadhani ni mguu, wakasogea kunipa nafasi niunyooshe.